Pedi ya Wageni

Fundi alishinda raundi ya kwanza bila kurusha ngumi hata moja.

Mpiganaji wake wa gemu alichuchumaa kwenye kona ya kioo cha televisheni, akakinga, akakinga tena, na kila Vidole alipomaliza kuruka na kujizungusha, akampiga teke la chini. Chuchumaa, kinga, teke. Basi. Mpiganaji wa Vidole, pamoja na madoido yake yote, akaanguka kama gunia.

"Huo si mchezo," Vidole alisema. "Huko ni kuchosha watu. Teke moja tu, shemeji? Hata paka anaweza."

"Najifunza, shemeji," alijibu Fundi. "Nivumilie."

Huyu Fundi alikuwa fundi cherehani, mke wa kaka yake Vidole. Jina la Vidole alijipa mwenyewe, maana watu wa aina hiyo hawasubiri kupewa. Alikuja kukaa wiki moja akitafuta kazi, na sasa ulikuwa mwaka wa pili. Kazi aliyoipata ni kulalia kochi la sebuleni na kubonyeza vitufe vya gemu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; huyu ukimpa jembe angeuliza lina vitufe vingapi.

Kwa ajili yake cherehani ilihamishiwa koridoni, jirani na mlango wa bafu. Wateja walipimwa mabega wakiwa wamesimama kando ya ndoo. Siku moja gauni la bibi harusi lilirukiwa maji ya sabuni, na mwenye gauni hakurudi, wala dada zake. Kazi ya Fundi ilikuwa inakufa kidogo kidogo, naye alimchukia yule mtu kwa moyo wote, huku akimpakulia chakula.

Mumewe, mwashi, alikuwa amechoka pia, lakini nani amfukuze ndugu yake wa tumbo moja? Njia ilifunguliwa na mdomo wa Vidole mwenyewe. Alijipiga kifua mbele ya watu: "Siku mtu wa nyumba hii akinishinda, nafungasha virago." Jirani yao kinyozi alikuwepo, na kinyozi akisikia jambo, mtaa mzima umesikia.

Vidole hakuona hatari yoyote. Sebuleni pale hakuna aliyewahi kumshinda. Yeye alishika pedi yake nyeusi ya kuchezea gemu, ambayo hakuruhusu mtu aiguse, na wenzake wakapokezana ile ya wageni, yenye ufa tangu siku Vidole alipofungwa na mashine yenyewe akaibamiza ukutani. Kaka yake alipigwa, kinyozi akapigwa.

"Mimi nikibonyeza ngumi, mtu wangu anasimama tu," mwashi alilalamika wakati mmoja.

"Pedi haina kosa, kaka. Ni vidole. Vyako vimezoea matofali."

Watu walicheka, na mwashi akaitazama mikono yake kwa aibu. Fundi alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano, hakucheka.

Kwenye kibanda cha gemu kule barabarani, ambako mabingwa wa kweli hukutana, Vidole hakukanyaga. Alisema kuna vumbi. Alipendelea kuoga, na alioga muda mrefu, kwa kuwa maji hakuyachota yeye. Wakati huo Fundi alifagia sebule, na mara nyingine ufagio ulinyamaza.

Raundi ya pili alishinda Vidole, akihutubia.

"Mmeona hiyo? Vitufe sita kwa pumzi moja. Hiyo ndiyo elimu ya mkono. Wewe unawaza, shemeji, mimi natenda."

"Kweli. Ila kila ukiruka unatua pale pale," Fundi alisema.

"Natua ninapotaka."

Ikabaki raundi ya mwisho. Kinyozi, aliyekuja kushuhudia, akasogeza kiti. Fundi aliipangusa pedi ya wageni kwa upindo wa gauni lake.

"Hii nimeshaizoea," alisema polepole, kama anayejisemea. "Ina bahati. Nisibadilishiwe tu."

Vidole akamtupia jicho, kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mnasikia? Kazoea pedi, hajazoea mchezo. Kumbe siri ya teke lake ndiyo hiyo. Lete hapa, ushike hii yangu."

"Hapana, shemeji, tafadhali."

"Lete. Mwenye vidole hucheza hata na kijiko."

Fundi akamgeukia mumewe. Mwashi, ambaye hakupenda ubishi, alisema, "Mpe tu, mke wangu. Isije ikasemwa ulishinda kwa sababu ya pedi."

Akaitoa shingo upande. Aliipokea ile nyeusi, akavipitia vitufe vyake kimoja kimoja kwa kidole gumba, kama anayekagua vifungo vya shati kabla ya kumkabidhi mteja.

Kengele ya gemu ikalia. Vidole akabonyeza ngumi. Mpiganaji wake akasimama tu. Akabonyeza ngumi nzito, akabonyeza teke la juu, akabonyeza vyote kwa pamoja. Kati ya vitufe vyote vya kupigia, kimoja tu ndicho kilichoitika: kile cha teke la chini.

Upande wa pili wa kioo, mpiganaji wa Fundi akainuka kutoka pale alipochuchumaa. Akaruka, akajizungusha, akashuka na mapigo ya mfululizo, vitufe sita kwa pumzi moja.

"Hii pedi mbovu," Vidole alisema. "Haifanyi kazi."

Mwashi na kinyozi walitazamana, kisha kila mmoja akatazama mikono yake. Mwashi akainuka, akaenda koridoni kuibeba cherehani airudishe sebuleni.

"Pedi haina kosa, shemeji," Fundi alisema, macho yakiwa kwenye kioo. "Ni vidole."