Kiazi cha Mwalimu

Mwalimu Sekibo, wa falsafa kidato cha sita, aligeukia ubao na kuandika taratibu: "Tunajuaje kwamba kitu kipo?" Kitwana, aliyekaa dawati la mbele, akachukua kiazi kitamu mezani kwa mwalimu na kukitafuna chote kabla ya alama ya kuuliza.

Mwalimu akageuka. "Kiazi changu kiko wapi?"

"Mwalimu, una hakika gani kwamba kilikuwepo?"

Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu naye akacheka mpaka akavua miwani. "Umenipata, bwana mdogo. Alama kumi!"

Kengele ya mapumziko ikalia. Wenzake wakatoka wakimpigapiga mgongoni. Akiwa mlangoni, Kitwana alimwona mwalimu akitoa vidonge viwili mfukoni na kuvitazama tu.

"Humezi, mwalimu?"

"Vya sukari hivi. Daktari amenikataza kuvimeza kabla sijala."

Kitwana akahisi kiazi kimemkwama kifuani. "Nikukimbilie maandazi?"

"Yameisha tangu asubuhi. Nenda kacheze, kijana. Jibu lako lilikuwa zuri kweli."

Alisema akitabasamu, lakini mkono ulikuwa ukimtetemeka, na vidonge vikigongana kiganjani.