Dereva wa Zamani

"Dereva ya zamani ilitolewa vibaya," nilimwambia yule mama bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta yake. "Mabaki yake iko bado ndani. Ndiyo sababu hii mpya haitoi sauti."

Hapa Kyebando, kwenye kibanda changu cha kutengeneza kompyuta, mimi humwambia hivyo kila mteja, naye huitikia tu. Huyu aliuliza:

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu, mama. Dereva ni programu ndogo, ile inayofanya spika ziseme."

"Kumbe programu."

Alicheka kidogo, kicheko kikamfia mdomoni. Ndipo nikamtazama. Alikuwa ameshika funguo za nyumba, zile nyembamba za kufuli, na kati yake ulikuwemo mmoja mkubwa wa lori. Alikuwa akiusugua kwa kidole gumba, na pale kidole kilipozoea kupita, chuma kilikuwa kimelainika na kung'aa.

"Mume wangu aliendesha lori la jeshi," alisema. "Lilipopinduka, walimzika huko huko upesi upesi, kabla sijafika. Mpaka leo hatujamrudisha kwao Gulu."

Kompyuta ilikuwa inauliza kama nifute mabaki yote. Mshale ulikuwa tayari juu ya "ndiyo", lakini kidole changu kilikataa.

"Ukifuta, sauti itarudi?"

"Itarudi, mama."

Alisogeza kiti chake karibu na changu.

"Basi futa. Lakini polepole. Aliitwa Olal."

Nikavua kofia, nikaiweka magotini, ndipo nikabonyeza.