Karafuu Kwenye Nanasi

Ilikuwa zamu ya Mwantumu. Mumewe, Kombo, aliingia asubuhi akitokea kwa mke mdogo. Mwantumu akachovya mkate kwenye mayai na maziwa, akaukaanga kwa samli, huku nanasi la kumwagia juu likichemka na sukari, kama alivyompikia miaka yote.

“Mama Salma, hilo nanasi litie na karafuu kidogo,” Kombo aliita kutoka mezani.

Karafuu! Tangu lini? Mwantumu alijua fika alikozionjea. Roho ikamuuma. Akazitupa sufuriani, akakoroga kwa hasira, akaonja akiomba Mungu liwe limeharibika.

Lilikuwa tamu. Tamu kuliko lake.

“Tayari?”

“Bado,” alijibu Mwantumu, mgongo kaupa mlango, akichota tena.