Ninga Aliyeitwa na Kasuku

Katika kisiwa kimoja paliishi Ninga mwenye kiburi kuliko ndege wote. Kasuku walipoletwa na wageni, wamefungiwa vitunduni, aliapa hatawapa hata salamu.

Vitundu vikavunjika. Kwanza Kasuku walikaa kwenye bustani za mjini. Baada ya miaka mitatu wakajaa mashambani, na haukupita muda wakaingia mwituni, wakamaliza matunda ya mikuyu. Ninga wengine wakahama, wengine wakafa kwa njaa. Yeye akapanda mlimani, akakaa miaka bila kusemeshwa na yeyote.

Asubuhi moja akasikia ninga akiita bondeni. Akashuka mbio, moyo ukimdunda, akatua pale ilipotoka sauti. Akamkuta Kasuku mchanga, peke yake.

“Ni wewe uliyeita?”

“Ni mimi, bibi. Nisamehe kama nimekuudhi.”

“Nani kakufundisha?”

“Mama. Naye aliisikia kwa ninga waliokuwa wakila hapa zamani. Kwetu hakuna anayejua maana yake.”

Matusi yalikuwa tayari mdomoni mwa Ninga. Akamtazama yule Kasuku, kisha akautazama mwitu mzima, uliojaa kelele za Kasuku wenziwe. Akayameza. Akasogea hadi mabawa yao yakagusana.

“Maana yake ni ‘Mko wapi?’” akasema taratibu. “Hebu ita tena, mwanangu, nami nikuitikie.”

Kasuku akaita. Ninga akajibu kwamba yupo.