Mwosha Mpya

Bi Mwaka, mwanamke pekee aliyejua kuosha maiti katika mji ule, alijilaza juu ya kitanda cha kuoshea, akajifunika kanga na kufumba macho.

"Haya, nimekufa. Nioshe."

Somoe, msichana aliyekuwa akimfundisha kazi hiyo, alibaki na kata ya maji mkononi. "Siwezi, bibi. Mikono yangu haikuumbwa kwa kazi hii."

"Yangu je? Maiti yangu ya kwanza nilimwangusha. Bahati yangu hakulalamika." Kifua kikambana, akakohoa mpaka kitanda kikalia. "Ukikimbia leo, mimi nitaoshwa na nani? Na wanaume wachimba kaburi? Anza."

Somoe akamwagia maji mkono wa kushoto.

"Kulia kwanza, wewe! Rudia."

Akarudia, akasahau katikati ya vidole. Akarudia tena, na safari hii alikishika kiwiko kama anayemshika mtoto mchanga, maji yakateremka taratibu hadi kwenye kucha. Akamgeuza ubavu bila kuambiwa.

"Nimekosea wapi sasa?"

"Kisigino. Kidogo tu." Sauti ya Bi Mwaka ilikuwa imeshuka. "Unaona? Umeshakuwa mwosha."

Somoe akacheka kwa furaha. "Basi kesho tuendelee. Haya maji ya kafuri ya kumalizia maiti niyaweke kando?"

"Kafuri haifanyiwi mazoezi, mwanangu. Nimwagie."

Nje, wanawake aliowaita Bi Mwaka mwenyewe asubuhi ile walikuwa wakitandika mikeka ya msiba. Somoe akasikiliza, akainua kata, akaanza upande wa kulia.