Kanda Iliyoandikwa "Usije Ukanilaumu"

Zimwi lilikuwa na zipu mgongoni, na sebule nzima iliiona.

"Mume wangu," akasema mke wa fundi friji, akijipepea kwa kasha la kanda, "hilo ndilo lililokukojoza kitandani mpaka darasa la sita?"

"La tano," fundi akajibu. "Na bado. Kitu chenyewe kiko mwisho."

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Vyerehani vyake vitatu vilibanana jikoni, vinagombania nafasi na masufuria, huku chumba kizima cha mbele kimekaliwa na kanda mia nne za kutisha. Aliziacha marehemu baba yake fundi, aliyekuwa akikodisha video mtaa mzima, pamoja na kamera yake ya begani, nzito kama jiwe la kusagia. Kila kanda ilikuwa na mwandiko wake ubavuni. Inatisha. Inatisha Sana. Usiitazame Peke Yako. Na hii moja, ya wino mwekundu: Usije Ukanilaumu.

Makubaliano yalikuwa mafupi. Filamu moja, Jumamosi mchana, hakimu ni shangazi yake fundi. Shangazi akipiga ukelele, kanda zinabaki. Akinyamaza, Jumatatu zinapanda gari la taka na vyerehani vinahamia chumba cha mbele.

Shangazi alichaguliwa kwa sababu hana upande. Aliolewa mji wa mbali kabla fundi hajaota meno, na maisha yake yote hajawahi kutazama filamu ya mashetani. Alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, kama mtu aliyeitwa kwenye usaili wa kazi.

"Baba, hilo koti la mvua linalotembea linataka nini?"

"Ni zimwi, shangazi."

"Ahaa. Maskini, litakuwa linaona joto."

Mke wa fundi akacheka mpaka akakohoa. Kwenye kioo, mkono uliokatwa ukabiringika sakafuni, na mkono mzima wa mwenyewe ukachungulia kwenye mkunjo wa shati. Popo akapita na uzi wake. Damu ilikuwa nyepesi kama sharubati.

Kinyozi, rafiki wa fundi tangu utotoni, hakucheka. Alikuwa sakafuni, mgongo kwenye sofa, akiangalia kulia na kushoto kama mtu anayetafuta mlango.

"Cheka tu, shemeji," akasema. "Sisi tuliouona mwisho hatuna meno ya kuchekea."

"Haya, kuna nini huko mwisho?"

"Kuna bibi mweupe," fundi akasema, sauti imeshuka. "Anampasua mtu, anatoa ubongo, anamlisha mwanamume aliye hai."

"Na hana macho," kinyozi akaongeza.

"Anayo. Hapepesi tu."

"Hana!"

"Mlimwona au hamkumwona?"

"Tulimwona," fundi akasema. Kisha, kwa kuwa ni mtu mkweli: "Katikati ya vidole."

Mkewe akaguna. "Mimi na hizi kanda za baba mkwe! Juzi nimeweka moja, muuaji kashika kitasa cha bafu, mara ikaja mechi ya mpira, kipindi cha pili."

"Mzee hakupenda kanda ikae bure. Alikuwa akibandika utepe wa gundi kwenye kile kitundu cha pembeni kinachozuia kanda isifutwe, anarekodi juu yake."

"Basi muuaji alifungwa mbili bila."

Mashine ikakoroma. Picha ikatetemeka, rangi zikafifia, sauti ikakatika kabisa. Fundi alikuwa na miaka arobaini na minne, watoto watatu na kitambi, lakini vidole vyake vilipanda usoni vyenyewe.

"Anakuja," kinyozi akanong'ona, akatoweka nyuma ya sofa.

Bibi mweupe akatokea. Nguo nyeupe, uso mweupe kama uliochovywa kwenye unga. Hatabasamu. Anapiga hatua moja, anasimama. Anapiga nyingine, anasimama. Nyuma yake wamejaa wanawake, midomo wazi, na hakuna hata mmoja anayetoa sauti.

Kicheko cha mke wa fundi kikaishia njiani.

"Mbona hatembei kama watu?" akauliza, akamshika mumewe mkono. Kisha akauficha uso wake begani kwake.

Kisu kikainuka, kirefu, kimeshikwa kwa mikono miwili. Kikashuka. Vidole vikamega kitu cheupe, laini, vikakisogeza polepole kwenye uso wa mwanamume mwenye suti nyeusi, anayetokwa jasho. Naye, Mungu wangu, akapanua mdomo.

Mafundi wote wawili wakafumba macho. Kinyozi alikuwa ameshafumba yake zamani.

Ndipo ukelele ukapasua sebule.

"Nimeshinda!" fundi akaruka, macho bado kayafumba. "Shangazi kapiga ukelele! Kanda zinabaki!"

"Zinabaki, zinabaki!" mkewe akalia ndani ya shati lake. "Zima hicho kitu kwanza!"

Fundi akapapasa mezani akitafuta rimoti, akaangusha vikombe viwili, mwisho akafungua jicho moja. Shangazi alikuwa amesimama, pua inakaribia kugusa kioo, machozi yanadondokea mkoba.

"Usithubutu kuzima," akasema. "Rudisha nyuma, baba. Rudisha pale ninapomlisha mume wangu keki."