Umri Kwenye Kadi

"Ukifungua mdomo humo ndani," mama mkwe alisema, "nyumba yangu uisahau."

Walikuwa kwenye benchi nje ya mlango wa daktari, wamebanwa na watu huku na huku. Binti, mke wa mwanawe, alishika kadi ya kliniki yenye jina lake. Simu ikatetemeka. Mumewe anauliza: Mko wapi?

"Mwambie tuko kwa fundi cherehani, magauni yangu yanaongezwa upana. Wala si uongo, tutapitia."

Binti akaandika hivyo. Miaka mitatu ya ndoa, kila mwisho wa mwezi mama mkwe alimtazama tumbo kama mtu anayetazama sufuria isiyochemka. Leo alimtazama mdomo. Akatoa ndimu mkobani, akainusa, akairudisha.

"Wamepaka rangi kuta hizi. Wanataka kutuua."

Wiki iliyopita walikuja kwa picha ya mimba na kipimo cha damu. Mpiga picha alikuwa na foleni ndefu, hakuinua macho kutazama sura ya mtu. Alitazama kioo cha mashine tu, akapima maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto aliye tumboni. Akapima tena. Akapima mara ya tatu, akasema huenda mtoto ana Down, ulemavu wa kuzaliwa nao. Tangu siku hiyo nyumbani hapakulalika. "Kwetu hakuna mtoto wa Down," mama mkwe aliziambia sufuria. "Hata mmoja."

Wakaitwa.

Chumba kilikuwa na viti viwili. Daktari, kijana mwenye haraka, alimwonyesha binti kiti cha karibu na meza. Mama mkwe akakaa kile cha ukutani, mkoba ameukumbatia.

"Bibi amekuja kumlinda mjukuu," daktari alitania.

"Mtu hulinda chake."

Daktari akafungua faili. "Maji ya shingoni yamezidi kidogo. Lakini hatuyaangalii peke yake. Tunayachanganya na damu na umri wa mama, maana Down huwapata zaidi watoto wa akina mama wenye umri mkubwa. Wewe una ishirini na nne. Umri umekubeba. Hatari inatoka moja kwa elfu, hakuna haja ya kipimo kingine."

Akavuta muhuri.

Kule ukutani mama mkwe alishusha pumzi ya wiki nzima. "Umesikia? Haya, twende."

Binti hakuinuka.

"Una swali?" daktari aliuliza, muhuri uko hewani.

"Umri ukiwa mwingine, jibu linabadilika?"

"Linabadilika sana."

"Wewe mtoto," mama mkwe alisema taratibu, "nimekuambia nini pale nje?"

Simu ikatetemeka tena. Binti hakuitazama. Nyumba ile ndiyo aliyokuwa nayo, hana nyingine. Na muhuri ukishapigwa, hakuna atakayeuliza tena habari za mtoto huyu mpaka siku ya kuzaliwa.

Alichukua kalamu ya daktari, akakata ishirini na nne kwenye kadi, akaandika arobaini na sita. Kisha akasimama, akakigeuza kiti chake kuelekea ukutani.

"Mama, njoo ukae hapa," alisema. "Kiti hiki ni cha mwenye mimba."